Roketi inayopungua: tungamo la nani tunalihesabu?

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilipaa ikiwa na zaidi ya tani 15. Mzigo wenyewe uliofikishwa kwenye njia ya kuizunguka dunia, setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani iliyopewa jina Uhuru, ulikuwa kilo kama 140 tu. Karibu vyote vingine vilikuwa fueli iliyoungua na magamba yaliyoachwa njiani.

Mwanafunzi aliyezoea kuandika F = ma, yaani kani ni tungamo mara mchapuko (kiwango cha kubadilika kwa kasi), ana haki ya kuuliza: m ipi?

Wako wanaosema kosa ni la F = ma yenyewe. Newton, mwaka 1687, hakuandika hivyo. Alisema badiliko la mwendo hulingana na kani inayotiwa, na mwendo kwake ulikuwa tungamo mara kasi, yaani momenta. F = ma ilizoeleka baadaye, karne ya 18, hasa kwa kalamu ya mwanahisabati Euler. Basi, wanasema, rudi kwenye momenta, kubali kwamba m (tungamo) na v (kasi) vyote vinabadilika, na kani itakuwa m mara mchapuko, jumlisha v mara kiwango cha kubadilika kwa m. Wengine wanakataa: kanuni ile inahusu kitu kisichoongezeka wala kupungua, na roketi peke yake si kitu cha namna hiyo.

Hoja ya kwanza inavutia, na niliishika kwa muda mrefu mpaka nilipoipima kwa boza la maji.

Chukua boza la tani 20 pamoja na maji yake, injini imezimwa, likiteleza kwa mita 10 kwa sekunde kwenye barabara tuliyoiondolea msuguano wote. Koki za ubavuni, kushoto na kulia, zinavuja sawasawa. Maji hayasukumwi mbele wala nyuma. Baada ya muda zimebaki tani 10. Ile fomula inasema: hakuna kani kutoka nje, kwa hiyo momenta ya boza haibadiliki, tungamo likibaki nusu, kasi lazima iwe maradufu. Yaani boza limefika mita 20 kwa sekunde kwa kuvuja tu! Sasa muulize mwendesha bodaboda anayekwenda sambamba nalo kwa zile mita 10 kwa sekunde. Yeye analiona boza limetulia. Kwake v ni sifuri, momenta ni sifuri, na livuje lisivuje halisogei. Boza moja, fomula moja, majibu mawili. Katika mekanika ya Newton hilo haliwezekani: mchapuko ni uleule kwa aliyesimama na kwa anayekwenda kwa kasi isiyobadilika.

Kilichosahauliwa ni maji. Yalipotoka yaliondoka na momenta yao, na kutoka ndani ya tangi si kutoka ndani ya hesabu.

Hata hivyo fomula ile haikosei kila mahali, na hapo ndipo mtego ulipo. Behewa wazi likiteleza huku mvua inanyesha wima, matone yanaingia bila momenta yoyote ya kwenda mbele, na jibu linatoka sahihi kabisa: behewa linapungua kasi. Mwanafunzi akiona imefaulu kwenye mvua, anaibeba mpaka kwenye roketi. Lakini imefaulu kwa sababu kilichoongezeka hakikuwa na mwendo wa mbele machoni pa anayepima. Gesi ya roketi haiko hivyo.

Hesabu inayosimama ni ya roketi na gesi yake kwa pamoja. Mfikirie mtu kwenye mtumbwi, tukiuacha kando ukinzani wa maji: yeye na mtumbwi kilo 100, nazi 50 za kilo 2 kila moja. Anazitupa nyuma moja moja, kila nazi ikiachana na mtumbwi kwa mita 5 kwa sekunde. Nazi ya kwanza inauongezea mtumbwi sentimita 5 kwa sekunde. Ya mwisho, kwa mtupo uleule, inauongezea karibu sentimita 10, maana shehena ya kusukuma imekwisha. Zote zikiisha, mtumbwi unakwenda karibu mita 3.4 kwa sekunde. Angalia kwamba kasi ya nazi tunaipima kutoka mtumbwini, si kutoka ufukweni. Mrusi Meshchersky aliandika mlinganyo wa vitu vya tungamo linalobadilika mwaka 1897, na mwaka 1903 Tsiolkovsky akachapisha hesabu yake ya roketi.

Wahandisi, kwa upande wao, huandika F = ma bila wasiwasi. Wanauchukua msukumo wa injini kama kani nyingine yoyote, wanatoa uzito na ukinzani wa hewa, kisha wanagawanya kwa tungamo la sekunde ile. Saturn V, roketi iliyowapeleka watu mwezini, ilichoma kilo kama 13,000 kila sekunde, gesi ikitoka kwa takriban kilomita 2.6 kwa sekunde. Zidisha, unapata msukumo wa karibu niutoni (kipimo cha kani) milioni 34. Roketi ya tani zipatazo 2,900 ikaondoka polepole. Dakika mbili na kitu baadaye msukumo haujapungua, lakini zaidi ya nusu ya tungamo haipo. Ndiyo maana katika safari ya Apollo 11 injini ya katikati ilizimwa kabla ya zile nne nyingine, mchapuko usipite kiasi.

Njia hii inafanya kazi, nami naegemea huku. Ila haisemi msukumo unatoka wapi. Mwaka 1920 gazeti la The New York Times lilimkejeli Robert Goddard, mtafiti wa roketi wa Marekani, likidai kwamba kwenye ombwe, pasipo hewa, roketi haina cha kusukuma. Lilisahihisha tarehe 17 Julai 1969, Apollo 11 ikiwa njiani kwenda mwezini. Aliyefundishwa kwamba msukumo ni kani tu, basi, hana la kumjibu mhariri yule. Aliyetupa nazi anajua: roketi inasukuma gesi yake yenyewe.

Na anaweza kujibu hata swali gumu zaidi. Gesi ya hatua ya tatu ya Saturn V, yaani sehemu yake ya tatu kuwashwa, ilitoka kwa takriban kilomita 4.1 kwa sekunde. Roketi ilipokaribia kasi ya kuizunguka dunia, karibu kilomita 7.8 kwa sekunde, gesi hiyo, kwa aliyeko ardhini, haikuwa ikirudi nyuma hata kidogo. Ilikuwa inakwenda mbele kwa zaidi ya kilomita 3 kwa sekunde, upande uleule wa roketi, na roketi bado inaongeza kasi. Kabla ya kutoka, fueli ile ilikuwa na 7.8, sasa imebaki na 3.7. Momenta iliyoipoteza ndiyo roketi iliyoipata.