Mutombo apimwe kwa mipira aliyoizuia

Kila jina la Dikembe Mutombo, Mkongo aliyecheza mpira wa kikapu katika NBA, ligi kuu ya Marekani, linapotajwa, watu wengi huinua kidole cha shahada na kukitikisa kama alivyokuwa akifanya yeye baada ya kuzuia mtupo, na mazungumzo huishia hapo. Wengine huruka moja kwa moja hadi kwenye hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie, iliyofunguliwa mwaka 2007. Hospitali ile ni kazi kubwa na siipunguzii heshima hata kidogo. Kinachonisikitisha ni kwamba kati ya kidole na hospitali, misimu 18 ya mpira wa kikapu wa kiwango cha juu kabisa imepotea, na hata wanaoikumbuka huishia kutazama wastani wake wa pointi 9.8 kwa mchezo na kumweka daraja la pili. Kwa maoni yangu, kipimo hicho hakimfai.

Mutombo alitoka Kinshasa mwaka 1987 kwenda Chuo Kikuu cha Georgetown akiwa na nia ya kusomea udaktari. Kocha John Thompson akamwingiza kwenye timu, na mwaka 1991 Denver Nuggets, timu ya NBA, wakamchukua kama chaguo la nne katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi, akiwa tayari na umri wa miaka 25. Katika msimu wake wa kwanza alifunga wastani wa pointi 16.6 na kuchaguliwa kucheza mchezo wa nyota wote, unaokutanisha wachezaji bora wa ligi. Hakuwahi tena kufikia wastani huo, na wapo wanaolitaja jambo hili kama dosari. Mimi naliona kinyume chake: mtu aliyethibitisha kwamba anaweza kufunga alikubali kuwaachia wenzake mashambulizi, akaweka nguvu zake pale ambapo timu ilimhitaji zaidi, yaani chini ya kikapu chake mwenyewe.

Alizuia mitupo 3,289, na mpaka leo aliyemzidi katika historia ya NBA ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake, mwenye 3,830. Hata hivyo, hesabu hiyo inaonyesha sehemu ndogo tu ya kazi yake. Itazame michezo yake ya zamani bila kuufuata mpira, umtazame yeye. Mshambuliaji anampita mlinzi wa kwanza, njia iko wazi, anapiga hatua mbili kuelekea kikapuni, kisha anamwona mtu mwenye urefu wa mita 2.18 akisogea taratibu kutoka upande wa pili, mikono ikiwa juu. Anasita, anaurudisha mpira nje kwa mwenzake aliye mbali, na timu yake inaishia kutupa mtupo mgumu huku muda ukiyoyoma. Hakuna karatasi ya takwimu inayoandika kwamba Mutombo amefanya lolote.

Mwaka 1994 jambo hili lilionekana na kila mtu. Seattle SuperSonics walikuwa wameshinda michezo 63, wengi kuliko timu nyingine yoyote msimu ule, na Denver walikuwa wa nane katika kanda yao. Zilikutana katika raundi ya kwanza ya mtoano, ambapo wa kwanza kushinda michezo mitatu ndiye aliyesonga mbele. Baada ya kupoteza michezo miwili ya kwanza, Denver walishinda mitatu mfululizo, wakawa timu ya kwanza ya nafasi ya nane kumng'oa aliyeshika nafasi ya kwanza. Katika michezo hiyo mitano Mutombo alizuia mitupo 31. Picha yake akiwa amelala sakafuni, ameukumbatia mpira kwa mikono miwili huku akipiga kelele za furaha, inajulikana dunia nzima, na inastahili.

Wanaompinga hukumbusha fainali ya mwaka 2001, ambapo Shaquille O'Neal wa Lakers alifunga wastani wa pointi 33 dhidi ya Philadelphia 76ers ya Mutombo. Hilo ni kweli, na siwezi kulikwepa. Lakini O'Neal wa miaka ile hakuzuiwa na mtu yeyote, na ni haki pia kusema kwamba Philadelphia, iliyompata Mutombo katikati ya msimu, ilifika fainali huku yeye akitwaa tuzo ya mlinzi bora wa mwaka kwa mara ya nne. Msimu uliofuata ligi ilipitisha kanuni inayomkataza mlinzi kusimama chini ya kikapu kwa zaidi ya sekunde tatu bila kuwa karibu na mtu anayemkaba. Kwa mlinzi wa aina yake hiyo ingeweza kuwa hukumu ya kustaafu, ila aliendelea kucheza hadi mwaka 2009.

Na hapa ndipo ninapopata ushahidi wangu mkubwa, ambao sijui kwa nini hautajwi zaidi. Februari 2008 Houston Rockets walikuwa wameshinda michezo 12 mfululizo, mchezaji wao wa kati Yao Ming akavunjika mguu, na nafasi yake ikachukuliwa na Mutombo mwenye umri wa miaka 41. Watu walitarajia timu ianguke. Ilishinda michezo mingine 10, ikafikisha 22, na yeye alimaliza msimu ule akiwa na wastani wa pointi 3 tu. Mchezaji anayefunga pointi 3 na timu yake haifungwi ana jambo analolifanya, na jambo hilo ndilo lililomwingiza kwenye Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu, unaowaenzi magwiji wa mchezo huo, mwaka 2015. Kijana anayejifunza kucheza nafasi ya kati akiniomba nimwonyeshe Mutombo, nitaiacha ile picha ya mwaka 1994 na kumpa michezo hiyo 10 ya Houston aitazame yote, tangu mwanzo hadi mwisho.