Jeraha moja la reli, maswali mawili ya uzembe

Nchini Marekani, mfanyakazi wa kiwandani akivunjika mguu kazini hupewa matibabu na sehemu ya mshahara bila kuulizwa kosa lilikuwa la nani. Wa reli akivunjika mguu huohuo lazima athibitishe kwamba kampuni ilizembea. Akishindwa, fidia hakuna. Anabaki na posho ya ugonjwa ya wafanyakazi wa reli, nayo huirudisha iwapo baadaye atalipwa.

Chanzo cha tofauti hii ni sheria ya mwaka 1908 ya dhima ya waajiri wa reli, iitwayo kwa kifupi FELA. Ilitungwa enzi ambazo kuunganisha mabehewa kulikula vidole na roho za watu. Rais Benjamin Harrison alikuwa amekwisha kuilinganisha hatari hiyo na ya askari vitani.

Kampuni za reli huilalamikia sheria hii: kesi huchukua muda mrefu, na mawakili wana fungu lao. Hapo nawaelewa, ingawa kero kubwa zaidi naiona kwenye yadi za treni. Mtu akianguka usiku, taarifa ya ajali inageuka ushahidi kabla wino haujakauka. Yeye anapima kila neno, na msimamizi naye anapima. Imebidi iwepo sheria nyingine ya kuikataza kampuni kumwadhibu mfanyakazi kwa sababu tu ameripoti jeraha lake.

Lakini faida za FELA si ndogo. Fidia ya kawaida ya kazini hailipi maumivu, FELA hulipa. Mfanyakazi akiwa na sehemu ya kosa, malipo hupunguzwa kwa kiasi hicho, hayafutwi. Na kampuni ikiwa imevunja sheria ya usalama iliyochangia jeraha, hata punguzo hilo halipo.

Kinachowaudhi zaidi waajiri ni kesi ya Rogers, mfanyakazi wa reli, dhidi ya kampuni ya reli ya Missouri Pacific. Rogers alikuwa akichoma majani kando ya reli. Treni ikapita, upepo wake ukachochea moto, naye akikimbia akateleza juu ya kalvati. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ilisema inatosha uzembe wa mwajiri uwe umechangia, hata kidogo kabisa. Mwaka 2011, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikakataa kukaza kigezo hicho katika kesi ya kampuni ya reli ya CSX dhidi ya mfanyakazi wake, McBride.

Kusema kwamba hapo mlango uliachwa wazi ni kutia chumvi. Kilicholegezwa ni kiungo kati ya uzembe na jeraha. Uzembe wenyewe bado lazima uthibitishwe, na hapo ndipo wengi hukwama: mashahidi ni wafanyakazi wenzao, na kifaa kilichoharibika kiko mikononi mwa mshtakiwa.

Kwa hiyo nisingeifuta FELA. Ningeiongezea malipo ya msingi ya matibabu na mshahara yasiyouliza kosa, na haki ya kushtaki ibaki kwa anayedai zaidi. Kampuni zitasema zinatozwa mara mbili. Jibu lake ni rahisi, kilichotangulia kulipwa kikatwe kwenye fidia ya hukumu. Hofu ya upande wa wafanyakazi ndiyo ngumu zaidi kwangu: Kongresi ikishaifungua sheria hii kuongeza malipo ya msingi, nani atazuia haki ya kushtaki isiondolewe humohumo?