Gari Lililomkonyeza Mama Mkwe

Mazda MX-5 ya mwaka 1990 ina viti viwili, buti linalogawana nafasi na betri, na taa mbili za mbele zinazolala ndani ya bodi mpaka ziwashwe, ndipo kila moja inapoinuliwa na mota yake. Katika safari ya posa kutoka Kampala hadi Jinja, mwendo wa kilomita 80 hivi, gari hilo lilitutosha mimi, ami yangu na mfuko wa sukari alioupakata. Wazee wengine, kwa kuwa walikuwa na akili timamu, walitangulia kwa matatu ya kukodi.

Mvua ilitukuta baada ya Mukono. Niliwasha taa, zikainuka zote, lakini ya kushoto haikutosheka: ilishuka, ikainuka, ikashuka tena, huku mwenzake wa kulia akiwa ametulia na heshima zake. Nilizima swichi, wala haikujali. Katika hali hiyo tukaingia Namawojjolo, ambako wauza kuku wa kuchoma hulikimbilia gari lolote linalopunguza mwendo, sembuse linalowakonyeza. Vijiti vya nyama na gonja vilipenya madirishani, na ami, ambaye mikono yake yote ilikuwa imekumbatia sukari, alijikuta na firigisi mdomoni kabla ya kuulizwa kama ana njaa. Tulilipa. Mbele kidogo askari wa barabarani alitusimamisha, akaitazama taa kwa makini, kisha akatujulisha kwa upole kwamba yeye ni mume wa mtu.

Nilimpigia simu fundi wangu, naye akatangaza, bila kuliona gari, kwamba mota imekufa, akataja bei ya nyingine. Ni huyu huyu aliyewahi kubadilisha altaneta nzima, kile kifaa kinachochaji betri, kwa sababu taa zilififia, kumbe waya wa hasi unaoshika kwenye bodi ulikuwa umeota kutu. Magari ya umri huu humlisha vizuri fundi wa aina hiyo, maana hakuna dalili isiyouziwa kifaa.

Walukuba, mtaa wa Jinja, tuliwakuta wenyeji wamejipanga barazani, mama mkwe mtarajiwa akiwa mbele. Gari likasimama mbele yake, likamkonyeza. Akajitanda ushungi. Likamkonyeza tena. Ami alianza salamu ndefu alizojifunza wiki nzima, na kila alipotua kuvuta pumzi, mota ilijaza nafasi hiyo kwa mlio wake.

Baba mkwe, fundi umeme mstaafu wa bwawa la Owen Falls, lile lililofunguliwa mwaka 1954, hakucheka. Alikwenda kuinamisha sikio juu ya boneti kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.

“Nani kasema mota imekufa?”

“Fundi, mzee.”

“Maiti haikonyezi, mwanangu.”

Akachomoa fyuzi ya mota za taa, jicho likabaki nusu. Kisha akafunua kifuniko cha mpira juu ya mota, akazungusha kwa vidole kirungu kilichomo hadi taa ikalala. Njia hiyo iliwekwa na watengenezaji wenyewe kwa ajili ya dharura, na fundi wangu hakuwahi kuitaja. Mpira ulikuwa umechanika. Mzee alieleza kwamba ndani ya mota mna sahani yenye njia za shaba, ambayo hukata umeme taa inapofika juu kabisa au chini kabisa. Maji yalikuwa yameingia, na grisi kuukuu iliyochanganyika na unga wa shaba ilikuwa imeziba pengo la kukatia, kwa hiyo mota haikupata amri ya kusimama.

Mota ikafunguliwa juu ya sinia, kando ya mandazi. Ami, akiona mwenyeji wake ameshika msasa na bisibisi, alifikiri ndiyo nafasi ya kujadili mahari.

“Tulisema ng'ombe watatu, mzee.”

“Naam, nimulikie hapa.”

“Au wawili.”

“Naam, naam.”

“Watano,” alisema mama mkwe kutoka ndani ya ushungi, “na mmoja wa kufuta kukonyezwa.”

Sahani iliposafishwa na kupakwa grisi mpya, taa iliinuka mara moja ikatulia, na vigelegele vilivyopigwa vilizidi vile tulivyopokewa navyo. Mzee alipima betri kwa mita yake ya mshale, gari likiwa linanguruma, akasoma volti 14 na kusema altaneta haina neno. Kisha akaitazama ile mita iliyopasuka kioo, akamwomba katibu karatasi ya mahari, na chini ya ng'ombe, kanga na kanzu akaandika kwa mkono wake: mita moja ya dijitali, mpya, pamoja na betri zake.