Hapo Tu, Nusu Saa Upo Posta

Dalali wa Dar es Salaam hapimi njia kwa saa wala kwa kilomita. Anapima kwa "hapo tu". "Unatoka hapo, unapanda gari moja, nusu saa upo Posta." Na hadanganyi! Ni nusu saa kweli, ila ni Jumapili saa 2 asubuhi. Ndiyo maana nyumba huwa anakuonyesha Jumapili.

Mbaya zaidi ni wewe unayehama na magodoro yako kutoka Iringa na kushuka stendi ya Mbezi Luis tarehe 27 Desemba. Barabara nyeupe. Shule zimefungwa, Wachaga wote wako kwao Kilimanjaro, magari yamelala migombani huko Rombo. Unajiuliza hawa watu wa Dar wanalialia nini, unalipa kodi ya miezi sita kwa mpigo. Subiri Januari shule zifunguliwe, ndugu yangu. Utamtafuta dalali, simu haipokelewi.

Kabla hela haijatoka mfukoni, nenda Jumatatu saa 12 kamili asubuhi ukasimame kituo cha hiyo nyumba. Usipande kitu, wewe hesabu tu. Daladala zikikupita mfululizo, mlango haufungi, konda ananing'inia kwa vidole viwili, ujue nyumba iko katikati ya ruti. Magari yanajazia kule yanakoanzia, nyie wa katikati kazi yenu ni kupunga mikono. Heri upange kilomita tatu mbele zaidi, karibu na mwanzo wa ruti. Ni mbali, ndiyo, lakini unaondoka umekaa, na usingizi unaumalizia humo humo.

Wanasema Dar ina barabara nyingi. Zipo, ila za kuingia mjini ni nne za maana: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Zote zinamimina watu kulekule, Posta na Kariakoo. Mandela inazikatiza kwa nje, kasoro Bagamoyo, nayo imejaa malori ya bandarini. Tukajengewa flaiova ya Tazara 2018, ya Ubungo ikafunguliwa 2021, tukapiga vigelegele. Foleni nayo ikatushukuru, ikasogea taa za mbele.

Na taa zenyewe za nini? Kijani inawaka, trafiki kanyoosha mkono. Nyekundu inawaka, trafiki anakuita twende. Mtii trafiki, sheria ndivyo inavyosema, ishara ya askari inaishinda taa. Anavuta upande mmoja mpaka mkia wa foleni uishe, na upande mwingine nao unaota mkia wake. Ukisikia ving'ora vya msafara ndiyo basi, zima injini, nunua korosho. Hapo hapo dirishani utapata rula, fagio, chaja ya simu na ramani ya dunia. Ila ukishanunua pandisha kioo na simu ishushe mapajani, maana kuna wengine wanapita hapo hawauzi kitu.

Jioni ndiyo shughuli. Ukisubiri gari kituo cha mwanzo kama mtu mstaarabu, utalala hapo. Watu wanageuza. Unarudi nyuma kituo kimoja au viwili, unapanda gari linaloingia kushusha, unalipa, unakaa, linageuza na wewe ndani. Nauli unalipa mara mbili, lakini magoti yako salama. Kabla hujapanda muulize konda, "Unageuza?" Usiulize ukiwa umeshakaa. Likifika mwisho suka (dereva) anaweza kwenda kujaza mafuta au kula ugali, na hela yako hairudi. Na asiyegeuza siku hiyo huenda anakatisha ruti, anakushusha nusu ya njia na kukwambia upande la nyuma.

Beba chenji. Ukitoa noti ya elfu kumi konda atakujibu "nakupa baadaye", kisha chenji yako ataimalizia kwa elfu moja, wewe na mama mmoja usiyemjua: "Mtagawana." Mama anashuka njiani, wewe unaenda mwisho wa ruti. Kagawaneni.

Halafu kuna jua, ambalo hakuna dalali atakayekutajia. Ukipanga Mbagala, asubuhi unaelekea kaskazini, jua liko kulia. Jioni unarudi kusini, jua limeshahamia magharibi, liko kulia vilevile. Kaa kushoto, upande wa mlango wa daladala. Ukipanga Tegeta au Bunju, geuza hesabu: linakuchoma kushoto kwenda na kurudi, kaa upande wa dereva. Kimara na Mbezi ni usoni asubuhi, usoni jioni. Abiria ajifiche nyuma ya mwenye kichwa kikubwa, mwenye gari anunue miwani.

Mwenye gari! Eti ukinunua IST, kale kagari kadogo ka Toyota, umepona. Gari likitembea, upepo unapoza rejeta. Kwenye foleni upepo hakuna, kazi yote ni ya feni, na feni ikifa kwa fyuzi au kwa mota yake, barabara nyeupe haikwambii. Unaambiwa kwenye foleni ya Mwenge. Taa nyekundu ya joto ikiwaka, zima AC, washa hita mpaka mwisho. Utaoga jasho kwa suti yako, lakini joto linatoka kwenye injini. Kaa pembeni, zima, na mfuniko wa rejeta usiuguse kabla halijapoa kabisa, yale maji yanaruka usoni. Wala usilimwagie maji baridi ya machinga, silinda hedi inapasuka.

Wajanja wanachepuka. Kutoka Mbezi wanakata Goba, wanatokea Tangi Bovu, au wanapita Makongo mpaka Mlimani. Michepuko si dili, tuliambiwa zamani, lakini hii ya lami siku nyingine inalipa, ukiwahi kabla ya saa 12. Baada ya hapo wajanja wote mko Goba, kwenye kilima, na gari la manyuo linanuka klachi kwa sababu umelishikilia kwa mguu wa klachi badala ya kuvuta hendibreki.

Mvua ikipiga usiku kucha, usikimbilie tiketi ya mabasi ya mwendokasi. Uliza kwanza Jangwani, yanapopita, pakoje. Mto Msimbazi ukifurika pale panafungwa, na jiji zima linakwenda kujipanga daraja la Salenda. Mpigie bosi mapema umwambie umekwama. Atapokea haraka, na yeye yupo Salenda, magari manne nyuma yako.