Diski ya Terabaiti Moja Inasoma 931: Nani Kapunjwa?

Mwezi uliopita kijana mmoja anayepiga video za harusi hapa Tabora alikuja kwenye meza yangu ya ufundi, diski mpya ya nje mkononi na hasira usoni. Boksi limeandikwa TB 1. Alipoichomeka, kompyuta ikasoma GB 931. "Fundi, hizi GB 69 zimekwenda wapi? Yule muuzaji kanipunja." Alikuwa ameshapita dukani kulalamika, akapewa jibu ambalo mafundi na wauzaji tunalitoa kila siku: "Ni kawaida, ndivyo zilivyo."

Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, na nimeanza kuamini kwamba linatudhuru. Mteja hakuambiwa kawaida hiyo ina ukubwa gani wala inatokana na nini. Akishazoea kwamba kila upungufu ni kawaida, siku akiibiwa kweli atajuaje?

Kwanza hesabu. Kiwandani, terabaiti moja ni baiti trilioni moja, 1,000,000,000,000, na baiti moja ni nafasi ya herufi moja hivi. Windows inazichukua baiti hizo hizo, lakini ili kupata gigabaiti (GB), badala ya kuzigawa kwa bilioni moja inazigawa kwa 1,073,741,824, yaani 1024 mara 1024 mara 1024. Jibu linakuwa 931 na ushei. Kwa mgawanyo huo diski ya GB 500 inasoma 465, SSD, ile diski isiyo na sahani inayozunguka, ya GB 256 inasoma 238, na fleshi ya GB 16 inasoma 14.9 hivi. Hakuna baiti iliyopotea njiani. Nilimfungulia yule kijana dirisha la sifa za diski kwenye Windows, nikamwonyesha kwamba mstari ule ule ulioandikwa 931 GB una namba nyingine ndefu kando yake, yenye tarakimu kumi na tatu, inayoanza na 1 na kupita kidogo trilioni. Akaihesabu kwa kidole. Namba hiyo ipo pale siku zote, ila hatuisomi.

Sasa hii 1024 ilitoka wapi? Ilitoka kwenye memori, ile RAM inayoshika kazi inayoendelea. Vyumba vya memori huitwa kwa anwani za 0 na 1 tu, na kila ukiongeza waya mmoja wa anwani, idadi ya vyumba inakuwa maradufu: 2, 4, 8, 16, hadi waya wa kumi unapokupa vyumba 1024. Wahandisi wa zamani waliona 1024 iko jirani na 1000, wakaazima neno kilo. Wakati ule azima hiyo haikumuumiza mtu. Kilobaiti yao ilizidi elfu kwa asilimia 2.4 tu. Lakini tofauti hiyo inajizidisha kila unapopanda ngazi: kwenye megabaiti inakaribia asilimia 4.9, kwenye gigabaiti 7.4, kwenye terabaiti inagusa 10. Tulirithi njia ya mkato ya watu waliokuwa na memori ndogo, tukaipeleka kwenye diski zinazobeba harusi za wilaya nzima.

Viwanda vina hoja nzito hapa, na ni haki kuisema kwa ukamilifu. Kilo ilimaanisha elfu tangu Wafaransa walipoweka vipimo vya metriki mwaka 1795. Giga na tera ziliingizwa rasmi kwenye vipimo vya kimataifa mwaka 1960, moja ikiwa bilioni, nyingine trilioni. Diski, tofauti na memori, haina sababu yoyote ya kimaumbile ya kufuata 1024. Ni sahani inayozunguka, yenye njia na vipande ambavyo idadi yake inaweza kuwa yoyote. Diski ya kwanza kabisa, ya IBM mwaka 1956, ilielezwa kuwa inabeba herufi milioni tano, na milioni hiyo ni hii ya kawaida. Kisha mwaka 1998 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ikaamua ugomvi: gigabaiti ibaki bilioni moja, na ile ya 1024 ipewe jina lake yenyewe, gibibaiti, kwa kifupi GiB. Kwa kanuni hiyo diski ya yule kijana ni TB 1 na pia ni GiB 931, na kauli zote mbili ni sahihi.

Mteja naye ana hoja, na mimi siidharau. Chukua laptopu yoyote dukani usome karatasi iliyobandikwa: RAM GB 8, SSD GB 256. Karatasi moja, kifupi kimoja, maana mbili. GB ya kwanza ni ya 1024, ya pili ni ya elfu. Nani alimwambia mnunuzi? Kuna maandishi madogo mgongoni mwa boksi yanayosema GB moja ni baiti bilioni moja, lakini hayasemi kwamba kioo chako kitasoma vingine. Na viwanda vinafaidika na hesabu inayotoa namba kubwa. Ingekuwa inatoa namba ndogo sidhani kama vingeing'ang'ania hivi.

Marekani walipelekana mahakamani kwa jambo hili hili. Western Digital, kampuni ya kutengeneza diski, ilimaliza kesi yake kwa suluhu mwaka 2006, wateja wakapewa programu ya kuhifadhi nakala bila malipo. Seagate, kiwanda kingine cha diski, nayo ikakubali suluhu mwaka 2007, ikitoa programu ya aina hiyo au kurejesha asilimia 5 ya bei. Ukiishia hapo utasema wateja walishinda. Lakini mwaka 2020 kesi dhidi ya SanDisk, iliyohusu fleshi, ilitupwa na mahakama huko California, ikielezwa kwamba kwa biashara ya Marekani vipimo vya makumi, yaani vya elfu na si vya 1024, ndivyo vilivyopendekezwa na sheria, na kwamba boksi lenyewe lilisema GB ni baiti bilioni. Suluhu za mwanzo hazikuwa hukumu. Hukumu ilipokuja, iliangukia upande wa kiwanda.

Mtu wa Tabora hahitaji mahakama ya California kuelewa tatizo. Tunalijua kwa jina la lumbesa. Mkulima wa mpunga anauza "gunia", mnunuzi ananunua "gunia", lakini gunia la mnunuzi limesukwa kichwa juu likabeba debe zima la ziada. Wote wawili wanatamka neno moja. Wakala wa Vipimo wamepambana na lumbesa miaka mingi, na dawa yao haijawahi kuwa kubishana gunia la kweli ni lipi. Wanasema weka kwenye mizani, uza kwa kilo. Kwenye kompyuta, kilo yetu ni baiti. Gigabaiti ni gunia, na kila mmoja analishona kwa urefu wake.

Kwa mizani hiyo, mimi lawama kubwa naiweka kwenye kioo kuliko kwenye boksi. Windows kuhesabu kwa 1024 si kosa. Kosa ni kuhesabu kwa 1024 kisha kuandika GB, wakati kifupi cha hesabu hiyo kipo tangu 1998. Herufi moja, i, ingeondoa nusu ya safari za wateja kwenye meza yangu. Apple walibadilika mwaka 2009 na toleo la Mac OS X 10.6, tangu hapo diski ya GB 500 kwenye Mac inasoma 500. Walichagua njia nyingine, ya kuhesabu kwa elfu, lakini namba na jina vinakubaliana. Muuzaji wa hapa anabeba lawama ndogo, ila anabeba: sentensi moja kabla ya kupokea hela, "kwenye kompyuta yako itasoma 931", haina gharama.

Kuna upungufu mwingine ambao watu huuchanganya na huu. Laptopu ya GB 256 inasoma 238, lakini nafasi iliyo wazi ni 180 na hujaweka hata wimbo. Hapo hakuna suala la hesabu. Ni wapangaji waliotangulia. Kuna Windows yenyewe, kuna fungu lililofichwa la kuirejesha mashine ikiharibika, kuna faili la kulaza kompyuta ambalo kwa kawaida huchukua karibu asilimia 40 ya ukubwa wa RAM, kuna faili la kuisaidia RAM inapojaa. Tangu matoleo ya mwaka 2019, Windows kwenye mashine mpya hujitengea pia GB 7 hivi kwa ajili ya masasisho yake. Baada ya sasisho kubwa, toleo la zamani hubaki kwenye diski siku kumi kabla ya kufutwa. Haya mengi yanaweza kupunguzwa, na fundi anayekwambia ni sehemu ya ile "kawaida" hajakutendea haki.

Na kuna malalamiko ambayo si ya upungufu kabisa. Fleshi ina GB 20 wazi, unanakili muvi ya GB 5, inakataa, unasema fleshi ni feki. Angalia imefomatiwa vipi: mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32 haupokei faili moja linalofika GB 4, hata kama nafasi ni bahari. Hamisha vilivyomo, ifomati kwa mfumo wa exFAT, itapokea.

Nirudi kwa kijana wangu, kwa sababu kilichonifanya niandike si ile diski. Alipokwisha kuridhika nayo, akatoa mfukoni fleshi ndogo ya chuma, imechongwa TB 1. Aliinunua kwa mchuuzi kwa bei ya sahani chache za wali, na miezi miwili alikuwa akiitunzia kazi zake. "Hii mbona haina shida, fundi? Nayo inasoma 931 hiyo hiyo."

Nikashtuka. Inasoma 931 hiyo hiyo: ndiyo, kwa sababu fleshi feki inasoma chochote ilichofundishwa kusoma. Ndani yake kuna kipande kidogo cha kuhifadhi data na kidhibiti kilichopangwa upya ili kiidanganye kompyuta kuhusu ukubwa. Kompyuta inauliza, una baiti ngapi? Kidhibiti kinajibu trilioni, na Windows inagawa kwa uaminifu na kuandika 931. Ukijaza kupita ukubwa wake wa kweli haigomi. Inaendelea kupokea, mafaili mapya yanaangukia juu ya ya zamani au hayaandikwi popote. Majina yote unayaona, ukubwa wote unausoma, kwa sababu orodha ya majina inakaa mwanzoni mwa fleshi, kwenye sehemu iliyo hai. Ni kama asali iliyochakachuliwa: dumu limejaa hadi shingoni, na hakuna kipimo cha lita kitakachokuonyesha kwamba nusu yake ni maji ya sukari. Lazima uonje.

Hapa ndipo ninaposema "ni kawaida" imetudhuru. Kijana alipeleka hasira yake yote kwenye diski ya kweli, akaiamini ile ya uongo, ingawa zote mbili zilionyesha 931 hiyo hiyo. Muuzaji wa diski halali na mchuuzi wa fleshi feki walikuwa na jibu moja la kumpa, na lilifanana neno kwa neno.

Kuonja kwenyewe kupo. Kuna programu za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux, zinazoijaza fleshi data maalumu kisha kuisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Mwenye duka akiamua kupima hata fleshi moja katika kila shehena anayoleta, atajua anauza nini. Kazi hiyo inakula muda, na fleshi za bei nafuu huandika polepole, lakini usiku mmoja wa umeme ni bei ndogo kwa mzigo mzima.

Tulianza kwa kunakili kila kilichokubali kufunguka, tukakiweka kwenye ile diski mpya aliyokuja kuilalamikia. Harusi tatu za mwanzo zilifunguka vizuri. Ya nne ilifunguka hadi bibi harusi anaingia ukumbini, picha ikaganda. Ya tano na ya sita zilikuwa majina tu. Nikaifomati fleshi, nikaiambia programu ijaribu GB 64 za kwanza badala ya zote, tukaiacha ikifanya kazi hadi jioni. Matokeo: zilizo hai ni GB 29 na ushei. Yaani fleshi ya GB 32, kwa hesabu ile ile ya 1024, iliyochongwa TB 1 mgongoni.

Alikaa kwenye benchi muda mrefu akiiangalia namba hiyo. Kisha akatoka nje na simu, kwa sababu harusi ya sita ilikuwa ya familia moja ya Nzega, na walikuwa wanaisubiri Jumamosi.