Tisa au tatu? Hesabu ya Septemba katika darasa la saba, Lubumbashi

Darasa la saba kwetu Kongo si lile la Tanzania ambalo mtoto humalizia shule ya msingi. Hapa msingi ni miaka 6. La saba ni kuanza upya: mtoto wa miaka 12 anakutana kwa mara ya kwanza na mwalimu wa hesabu asiyefundisha kitu kingine. Na kila Septemba walimu tunarudia ubishi uleule: wiki za kwanza tuseme nao lugha gani? Kifaransa tangu kengele ya kwanza, au Kiswahili kwanza?

Nianze na ubao wangu. Septemba iliyopita niliandika swali kwa Kifaransa: mwuzaji ana meka 12 za bunga, anauza robo tatu, amebaki na ngapi? Meka ni kopo la kupimia unga. Hakuna mtoto wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, ambaye hajatumwa nalo. Binti mmoja wa mbele aliandika 9, akapiga mistari miwili chini yake kwa fahari. Nikalirudia swali kwa Kiswahili cha sokoni bila kugusa namba yoyote. Akashika kichwa: “Aa, mwalimu, kumbe zenye zinabakia njo unauliza!” Akafuta, akaandika 3. Robo tatu ya 12 aliijua vizuri tu. Kilichomponyoka ni “reste” (kubaki), neno dogo la mwisho wa sentensi.

Wenzangu wa upande wa Kiswahili wanalipenda sana tukio hili. Wanaongeza kwamba Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, na kwamba sheria ya elimu ya Februari 2014 inazipa lugha hizo nafasi ya kufundishia. Basi kwa nini mtoto aonekane mjinga wa hesabu kwa kosa la lugha?

Lakini upande wa pili hauna watu wa kubezwa. Mwisho wa darasa la nane kuna TENASOSP, mtihani wa kitaifa unaosaidia kuamua mtoto aelekee fani gani, na karatasi yake ni ya Kifaransa. Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, miaka minne baadaye, vilevile. Mzazi aliyehangaika kupata minervali, yaani karo ya shule (elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi, haikumfuata mwanawe hadi la saba) hataki kusikia kwamba mwezi mzima umepita katika lugha ambayo mtoto anaipata bure barabarani.

Wana hoja nyingine ambayo sisi wa Kiswahili hupenda kuikwepa. Nenda soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, usikilize bei. “Cinq cents” (500). “Mille cinq” (1500). Mama anayeongea Kiswahili kutwa nzima anahesabu pesa kwa Kifaransa, tena kile cha Kibelgiji cha “septante” (70) na “nonante” (90). Kwa hiyo namba zenyewe mtoto huyu tayari anazo kwa Kifaransa. Na kama ni Kiswahili, kipi? Vitabu vya Tanzania vina maneno safi: namba tasa, shufwa, witiri, kigawe kidogo cha shirika, namba ya juu ya sehemu ni kiasi, ya chini ni asili. Ukimwambia mtoto wa mtaa wa Ruashi “shufwa” atakutazama kama umetaja jina la dawa. Tungemfundisha lugha ya tatu ili aelewe ya pili.

Hata Tanzania, yenye hesabu ya Kiswahili katika shule zake za serikali hadi mwisho wa msingi, hukutana na ukuta huohuo mtoto anapoingia kidato cha kwanza na somo likageuka Kiingereza. Ndiyo maana huko wameweka kozi ya utangulizi ya lugha kabla ya muhtasari wenyewe kuanza. Ukuta umesogezwa tu.

Mimi naona pande zote mbili zinagombania namba, wakati shida iko katikati ya namba. Ni “de plus que” (zaidi ya), “chacun” (kila mmoja), “dont” (ambayo kati yake), “en déduire” (kuhitimisha kutokana na hayo). Andika kwamba Paul ana “trois de plus que” Jean, yaani tatu zaidi yake: nusu ya darasa itajumlisha, nusu itazidisha, na wachache watauliza Paul ni nani. Hayo ndiyo ya kufanyia kazi Septemba. Swali linasomwa kwa Kifaransa, daftari linafungwa, mtoto analisimulia kwa Kiswahili chake kama habari ya jirani, kisha anaandika jibu kwa Kifaransa, sentensi kamili. Wala hakuna haja ya kutafuta “shufwa” popote. “Nombre pair”, ambayo ndiyo hiyo shufwa, namba inayogawanyika kwa mbili, inatosha, ilimradi mtoto ajue kinachosemwa juu yake.

Njia hii ina gharama, na siifichi. Maswali manne yanakula kipindi kizima, na darasa lenye watoto zaidi ya 60 haliwezi kusimulia wote. Wanaorudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali wanakuta wenzao wameshazoea, wao wanaanza upya katika wiki ya nne. Prevision za masomo, yaani mpango wa vipindi, nilizokabidhi ofisini zinasema wiki ya tatu niwe kwenye PPCM, kile kigawe kidogo cha shirika. Mkaguzi akiingia siku hiyo atatukuta bado na meka za bunga, na itabidi nimwonyeshe daftari la yule binti: 9 iliyofutwa, mistari yake miwili bado inaonekana chini.