Wazo Halina Hakimiliki, Ndiyo Maana Makubaliano Yatangulie

Washauri wengi wa biashara huwaambia vijana kwamba wazo peke yake halina thamani, na kwamba mwenye kampuni changa anayeitaka benki au kampuni ya simu itie saini mkataba wa kutunza siri kabla ya kikao hujionyesha kuwa bado hajakomaa. Kauli hiyo ina mashiko ya kisheria, kwa kuwa hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa wala si wazo lenyewe, na huduma nyingi za simu hazipati kwa urahisi hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Hata hivyo, wanaoirudia huishia njiani. Pale ambapo sheria hailindi wazo, kinga inayobaki ni makubaliano ya pande mbili, na makubaliano hayo hayana budi kufanyika kabla mwenye wazo hajafungua kinywa.

Nkosana Makate hakuwa na kampuni. Alikuwa mwanagenzi wa uhasibu katika Vodacom ya Afrika Kusini alipopendekeza, mwezi Novemba 2000, njia ya mtu asiye na salio kumwomba mwenzake ampigie. Mkurugenzi wa uundaji wa huduma, Philip Geissler, alimkubalia kwamba jambo likifanikiwa atalipwa sehemu ya mapato. Huduma ilianza Machi 2001 na jarida la ndani la kampuni likamshukuru kwa jina. Malipo hayakuja. Mahakama Kuu ilimkatalia mwaka 2014, na ilikuwa tarehe 26 Aprili 2016 ambapo Mahakama ya Katiba ilimpa haki. Inafaa kusoma kwa makini msingi wa hukumu hiyo: majaji hawakusema kwamba Makate alimiliki wazo, walisema kwamba ahadi ya Geissler iliifunga kampuni. Kilichomwokoa ni makubaliano ya mdomo ambayo kwa bahati yalikuwa yameacha alama katika barua pepe.

Ushindi huo, hata hivyo, haukutaja kiasi cha fedha. Makate na Geissler walikuwa wamekubaliana kwamba wakishindwa kuafikiana kuhusu kiwango, mtendaji mkuu wa kampuni ndiye angeamua, maana yake ni kwamba mdaiwa ndiye aliyeachiwa kupanga deni lake. Mwaka 2019 mtendaji mkuu aliamua randi milioni 47. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Rufani ikataja asilimia 5 hadi 7.5 ya mapato ya sauti yaliyotokana na huduma hiyo, hesabu inayofika mabilioni ya randi. Kutoka milioni 47 hadi mabilioni: pengo la ukubwa huo halielezeki kwa ubahili wa upande mmoja wala tamaa ya upande mwingine. Lilizaliwa mwaka 2000, pale ambapo sentensi moja yenye asilimia ingeandikwa na haikuandikwa. Mwaka 2025 Mahakama ya Katiba iliitengua hukumu hiyo ya rufani na kuirudisha kesi kusikilizwa upya, na miezi michache baadaye pande mbili zikamalizana nje ya mahakama, robo karne baada ya pendekezo la kwanza.

Kampuni kubwa nazo zina hoja ya kweli. MTN, mshindani wa Vodacom, ilikuwa tayari na huduma ya namna hiyo kabla Vodacom haijaanza yake, jambo linaloonyesha kwamba watu wasiojuana huweza kufikiria kitu kilekile kwa wakati mmoja. Kampuni inayopokea mapendekezo kwa mamia ikitia saini kila karatasi inayoletwa, wahandisi wake wanaweza kushtakiwa kwa kazi waliyoianza zamani. Nchini Kenya, Faulu, taasisi ya mikopo midogo, ilidai mwaka 2012 kwamba M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ya kampuni ya simu ya Safaricom, ilitokana na pendekezo lake la mikopo kwa simu, na mahakama ikakataa kutoa zuio, yaani amri ya kuisimamisha huduma hiyo. Kusimamisha huduma ya umma kwa sababu ya wazo la jumla lingekuwa jambo zito.

Lakini kampuni changa haipeleki kikaoni wazo la jumla. Hupeleka majibu iliyoyalipia: mkulima gani hurejesha mkopo na mwezi gani, wakala hukubali kamisheni ipi, ni majaribio gani yalishindikana na kwa nini. Maarifa hayo ni siri ya biashara kwa kila kipimo. Katika kesi ya Coco dhidi ya Clark ya Uingereza ya mwaka 1968, ambayo ni nguzo ya sheria ya usiri katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, jaji alitaka ithibitike kwamba taarifa ilikuwa ya siri, kwamba ilitolewa katika mazingira yanayomfunga mpokeaji, na kwamba ilitumiwa bila idhini. Sharti la pili ndilo huwaangusha wadogo, kwa kuwa walizungumza kwanza na kuandika baadaye.

Kesi hiyo ilihusu mbunifu wa injini ya pikipiki ndogo, na zuio halikutolewa. Badala yake kampuni ilijifunga kuweka shilingi 5 za Uingereza kwa kila injini katika akaunti ya pamoja hadi shauri liamuliwe. Sioni kwa nini kifungu kama hicho kisiwemo katika mkataba wa usiri wa leo, kwamba huduma inayofanana na iliyopendekezwa ikizinduliwa ndani ya muda fulani, senti kadhaa za kila muamala ziwekwe pembeni mpaka msuluhishi aamue. Kampuni kubwa ingeendelea kuhudumia wateja bila kuzuiwa, na iliyo changa isingelazimika kutafuta wafadhili wa kesi, kama alivyolazimika Makate, ili tu iweze kubaki mezani.